Stakabadhi Namba 19

Heri nusu shari kuliko shari kamili, walisema wahenga. Methali hii hutajwa haraka haraka, aghalabu na mtu anayetaka ugomvi uishe ili aende zake. Mimi nataka tuisimamishe kidogo, tuikalishe kitini, tuihoji. Nusu hiyo ni ya nani? Shari ikikatwa katikati, kipande kinachobaki kinamwangukia nani? Na heri nayo, je, inaweza kukatwa nusu ikabaki kuwa heri?

Ndugu msomaji, usinidhanie nimeishiwa na kazi. Swali hili nimelipata kazini, mbele ya kompyuta, na kompyuta yenyewe iko Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, pale barabara ya kutoka Mikumi kwenda Ifakara inapopita katikati ya miwa. Wageni wanaijua Sanje kwa maporomoko yake ya maji, yanayoshuka mita 170 na ushei. Wasomi wanaijua kwa nyani wake, ambaye sayansi ilimtambua mwaka 1979, ilhali wenyeji walikuwa wakisikia sauti yake siku zote. Kuwepo ni jambo moja, kuandikwa ni jambo jingine. Naomba uliweke neno hilo mfukoni, tutalihitaji huko mbele.

Sasa nieleze habari ya kompyuta kwa wale ambao hawajakaa nayo karibu.

Wataalamu wa hifadhidata wana kitu wanachokiita muamala. Usifikirie biashara tu. Muamala kwao ni kazi kadhaa zilizofungwa pamoja kama mzigo wa kuni: ama mzigo wote unapanda kichwani, ama wote unabaki chini. Chukua mfano wa pesa za simu, jambo lililoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu Tanzania mwaka 2008. Dada yuko Dar es Salaam, anamtumia mama shilingi elfu ishirini. Hapo kuna matendo mawili. La kwanza, salio la dada lipungue. La pili, salio la mama liongezeke. Umeme ukikatika baada ya la kwanza na kabla ya la pili, elfu ishirini zimekwenda wapi, bwana? Hazipo kwa dada, hazipo kwa mama. Kwa hiyo mashine imefundishwa kwamba matendo hayo mawili ni kitu kimoja. Yakikamilika yote inathibitisha, na hapo hakuna kurudi. Moja likishindikana, inarudisha nyuma kila kitu, kana kwamba dada hakugusa simu.

Katika jambo la namna hiyo nusu shari haipo. Nusu ni wizi mtupu.

Watu wa Ifakara wataelewa upesi. Kabla ya daraja, aliyetaka kwenda Mahenge alivuka mto Kilombero kwa kivuko. Sijapata kumsikia mtu akijisifu kwamba amevuka nusu. Nusu ya mto ni maji. Kivuko kilipozama hapo Januari 2016, kila mtu alikumbushwa jambo hilo kwa uchungu. Yako mambo ambayo salama yake ni ng'ambo hii au ng'ambo ile, basi.

Lakini je, kila kazi ni mto?

La hasha. Na wenye kompyuta waliligundua hilo mapema. Katika miaka ya 1970, huko California, kampuni ya IBM ilikuwa na kundi la watafiti waliokuwa wakijenga hifadhidata iliyoitwa System R. Mmoja wao alikuwa Jim Gray, ambaye mwaka 1998 alikuja kupewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta. Gray alisema waziwazi kwamba wazo la muamala limetoka katika sheria ya mikataba: watu wanakubaliana, wanafungana, na baada ya hapo neno halirudi. Katika maandishi yao ya mwaka 1981 yeye na wenzake walieleza pia jambo la pili: ndani ya muamala mrefu unaweza kuweka alama njiani. Ukiteleza, unarudi hadi kwenye alama, si hadi mwanzo. Alama hiyo ndiyo sevupointi.

Mtu wa Sanje ataielewa kwa miguu. Kupanda kwenda maporomokoni ni jasho. Hebu fikiria umechomeka kigingi kila unapofika mahali pa kupumulia. Ukipotea njia juu ya kigingi cha tatu, huteremki hadi barabarani kuanza upya. Unarudi kwenye kigingi cha tatu, unajaribu njia nyingine.

Jambo jema, sivyo? Ni jema kweli. Ipo hifadhidata inayotumika sana duniani, PostgreSQL, ambayo ina ukali wa mama mkwe: ukikosea neno moja katikati ya muamala, inanuna. Kila utakalosema baada ya hapo inalikataa, hata liwe sahihi namna gani, mpaka uyafute yote uliyokwisha kuyasema. Toleo lake la 8.0, lililotoka Januari 2005, ndilo lililoleta vigingi, na tangu hapo mtu anaweza kuomba radhi kwa kosa moja bila kupoteza kazi ya asubuhi nzima.

Lakini kigingi kina siri mbili ambazo vijana wengi wa kompyuta hawazitilii maanani. Ya kwanza: kigingi si uthibitisho. Unaweza kuchomeka vigingi mia, na umeme ukikatika kabla hujathibitisha muamala mzima, vyote vinaondoka na kazi yako yote. Walio nje hawaoni kigingi hata kimoja. Kwao hujafanya lolote. Ya pili nitaieleza kwa kisa, kwa sababu mimi mwenyewe niliielewa kwa kisa.

Kipo kikundi kimoja cha wakulima wa miwa, jina naliacha. Tuseme ni watu arobaini. Mashamba yao yameungana, miwa inachomwa na kukatwa kwa pamoja, inapimwa, na fedha inakuja kwa mkupuo. Kisha kompyuta inaigawa kwa kila mtu kadiri ya tani zake. Programu ya kugawa niliikuta imekwisha andikwa. Aliyeiandika alifikiri vizuri. Alijua kwamba katika watu arobaini hakosekani mmoja mwenye tatizo, akaunti imefungwa au namba imekosewa, na hakutaka mmoja awakwamishe thelathini na tisa. Kwa hiyo aliweka kigingi kabla ya kila jina. Jina likikataa, mashine inarudi kwenye kigingi, inaliruka, inaendelea na linalofuata. Mwisho inathibitisha na kuandika kwa herufi kubwa: MALIPO YAMEKAMILIKA.

Ilikuwa Januari, kidato cha kwanza wanaripoti. Mzee mmoja akaja ofisini, kofia mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu niambie, eti mimi nimekufa?"

"Hujafa, babu. Nani kasema?"

"Wenzangu wote wamelipwa. Nimeuliza benki, wanasema hakuna kilichoingia. Nimemuuliza katibu, anasema kwenye karatasi hakuna deni, hakuna kosa, hakuna jina langu. Basi nikasema labda nimekufa na sijaambiwa."

Tulicheka wote wawili, lakini kicheko cha mzee hakikufika machoni. Mjukuu wake alikuwa nyumbani anasubiri sare na daftari.

Nikaitafuta habari yake. Katika orodha ya waliolipwa, hayupo. Katika orodha ya walioshindikana, hayupo pia, na hapo ndipo nilipokaa kitako. Programu ilikuwa na orodha hiyo, bwana, imewekwa kwa makusudi mema kabisa. Lakini kumbe ilikuwa ikiandika kosa ndani ya sehemu ile ile ambayo baadaye inafutwa. Mashine ilijaribu kumlipa mzee, ikakuta namba ya akaunti imepungua tarakimu moja, ikaandika "huyu ameshindikana," kisha ikarudi kwenye kigingi. Na kurudi kwenye kigingi maana yake ni kufuta kila kilichoandikwa baada ya kigingi, pamoja na ile habari kwamba ameshindikana. Hiyo ndiyo siri ya pili. Kurudi nyuma hakufuti kosa tu. Kunafuta na ushahidi wa kosa.

Unajua nilimpata kwa njia gani? Kwa namba za stakabadhi. 16, 17, 18, 20, 21. Hifadhidata ile ina kitu kinachotoa namba kwa mfuatano, na hicho peke yake hakirudi nyuma. Namba ikishatolewa imetolewa, hata kazi iliyoiomba ikifutwa. Wametengeneza hivyo kwa makusudi, ili makarani wengi wafanye kazi kwa wakati mmoja bila mmoja kumsubiri mwenzake. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo mzee alikuwa amebaki duniani kama pengo: stakabadhi namba 19, ambayo haipo. Alilipwa juma lililofuata, na mjukuu akaripoti shule akiwa amechelewa siku tisa.

Hapo sasa ndipo ninapotaka tuanze kubishana.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa siasa za kijiweni, nilipomsimulia alipandisha sauti. "Unaona? Ndiyo matokeo ya kukatakata. Wamelima pamoja, wamechoma pamoja, wamekata pamoja, basi walipwe pamoja. Mmoja akikwama, wote wakwame. Huo ndio umoja!" Maneno yake yana mvuto, na mimi nimelelewa katika nchi iliyoyapenda maneno ya namna hiyo. Kuna haki ndani yake: mkwamo wa mmoja ukiwa mkwamo wa wote, hakuna atakayesahauliwa. Wale thelathini na tisa wangekuwa mlangoni asubuhi hiyo hiyo wakidai tarakimu ya mzee ipatikane.

Lakini hebu tumfuate hadi mwisho. Thelathini na tisa nao wana wajukuu. Nao wana madeni dukani. Ukiwashika wote kwa ajili ya mmoja, je, watamdai mwandishi wa programu, au watamgeukia mzee? Mimi naijua mitaa yetu. Siku ya kwanza watamwonea huruma. Siku ya tatu watasema, "Huyu mzee naye, hata namba yake haijui." Siku ya saba watamwomba ajitoe kikundini. Umoja wa kulazimishana namna hiyo unazaa mbuzi wa kafara. Basi nasema wazi: thelathini na tisa kulipwa siku ile ilikuwa haki. Dhambi haikuwa kuwalipa nusu. Dhambi ilikuwa yale maneno mawili kwa herufi kubwa: MALIPO YAMEKAMILIKA.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama nusu inafaa au haifai. Swali ni vipande vipi vinadaiana. Salio la dada na salio la mama vinadaiana, kwa hiyo havitenganishwi. Malipo ya mkulima wa 18 hayamdai mkulima wa 19 kitu, kwa hiyo yanatenganishwa. Kigingi lazima kichomekwe kwenye mpaka wa kweli, na mpaka wa kweli haujulikani na mashine. Unajulikana na mtu anayewajua watu.

Nitoe mfano wa pili, wa hapa hapa bondeni. Tangu mwaka 1996 Ifakara kumekuwa na kazi kubwa ya kuwahesabu watu. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, wakirudi mara kwa mara mwaka mzima, wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, nani kahamia. Kazi kavu, ukiitazama. Lakini ni kwa hesabu hiyo ilivyopatikana habari iliyochapishwa mwaka 2001, kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa viliambatana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Asilimia hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Imejengwa kwa mtoto mmoja mmoja, aliyeandikwa alipozaliwa na, kwa bahati mbaya, wengine walipofariki.

Sasa jiweke mahali pa karani anayeingiza karatasi za nyumba moja kwenye kompyuta. Baba, sawa. Mama, tarehe ya kuzaliwa ina kosa. Mtoto mchanga, sawa. Afanyeje? Akiitupa nyumba nzima kwa ajili ya tarehe ya mama, mtoto hajazaliwa kitabuni, na akifa, hajafa. Akiweka kigingi kwa kila mtu na kumruka mama, atathibitisha mtoto asiye na mama, yatima wa karatasi, wakati mama yake yuko nje anatwanga mpunga. Hapa kigingi cha mtu mmoja mmoja ni uongo, na kutupa nyumba nzima ni uongo mwingine. Njia ya uaminifu ni nyembamba: iandike nyumba, na penye kosa pasiachwe wazi. Paandikwe, "hapa pana jambo la kurudiwa, rudi ukaulize." Inachosha? Inachosha sana. Lakini ndiyo tofauti ya kuhesabu watu na kuhesabu karatasi.

Na wala msidhani hekima hii tumeletewa na California. Tazama mahari. Ni wanaume wangapi mnaowajua waliotoa mahari yote siku moja? Wengi hutoa sehemu, ndoa ikafungwa, watoto wakazaliwa, na sehemu iliyobaki ikabaki. Kwa macho ya haraka ni muamala uliothibitishwa nusu. Mbona haukuvunjika? Kwa sababu siku ile wazee walikaa mkekani, wa huku na wa huku, na kabla ya kunyanyuka mmoja alisema kwa sauti mbele ya mashahidi: kilichotolewa ni hiki, kilichobaki ni hiki. Hakuna aliyesema yamekamilika. Mbuzi ambaye hajaletwa ana mahali pake katika kumbukumbu, na miaka ishirini baadaye, kwenye msiba, utasikia mjomba akimtaja. Tunamcheka mjomba huyo, tunasema ana roho ya kudai. Mimi sasa namheshimu. Mjomba ndiye orodha ya walioshindikana, na ameandikwa nje ya kigingi, mahali pasipofutika.

Nadhani nimefika nilipokuwa nakwenda. Heri nusu shari, naam, lakini kwa masharti. Sharti la kwanza, vipande visiwe vyenye kudaiana. La pili, aliyeachwa aandikwe jina, na aandikwe baada ya kurudi kwenye kigingi na kabla ya kuthibitisha, maana kabla yake atafutwa na baada yake atasahauliwa. Katika programu ile ilikuwa kazi ya kuhamisha mstari mmoja kutoka hapa kwenda pale. Tulihamisha. Siku hizi mwisho wa karatasi panasomeka: wamelipwa kadhaa, bado kadhaa, na majina yao haya. Si maneno matamu kama "yamekamilika," lakini katibu anayasoma mkutanoni na watu wanageuza shingo kumtazama aliyetajwa, na kwa kawaida yupo mtu anayejua namba yake iko wapi.

Ugumu unaobaki ni wa moyoni, na huo hauna programu. Sote tunapenda kufuta jaribio lililoshindikana pamoja na alama zake. Shule inajigamba kwa waliofaulu, na aliyeacha katikati ya kidato cha pili hayumo hata katika walioshindwa. Mradi unaondoka, ripoti inasema malengo yametimia, na kisima kimoja kati ya kumi hakitajwi. Hatukusema uongo, tunajitetea. Kila kilichoandikwa ni kweli. Ni kweli, lakini namba zinaruka.

Nanyi wenzangu wa kalamu, mnaosoma gazeti hili huku mna daftari la hadithi chini ya mto, jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Rasimu zetu ni vigingi. Tunachomeka, tunarudi, tunachomeka tena, na hakuna anayeziona mpaka tuthubutu kuthibitisha, yaani kuichapa hadithi na kuitoa mkononi. Wapo watakaokaa kwenye vigingi maisha yao yote wakidhani wameandika. Na wapo watakaothibitisha upesi hadithi laini, isiyo na pengo, baada ya kumfuta yule mhusika mmoja aliyekuwa akiwasumbua kwa sababu hakukubali kuingia katika mpango. Huenda yule ndiye aliyekuwa na habari.

Basi nawaachia swali, mnijibu katika kurasa hizi mkipenda. Kila kijiji kina orodha yake, kila ukoo, kila chama, kila taifa. Zisomeni polepole, si kwa kutazama majina, bali kwa kutazama namba. Kati ya 18 na 20, kwenye orodha yenu, alikuwepo nani?